Likizo ya makumbusho na sinema, na watu wa Soitsambu

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kila mwaka. Sisi tunaokaa mijini tunajua siku hizo zinavyokwisha. Kuna msiba kijijini, kuna harusi ya mtoto wa shangazi, kuna kibanda cha Chanika au Kibaha kisichokwisha kujengwa. Anayebahatika kubakiza siku tano au sita hulala, huangalia mpira, na hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba likizo inaweza kutumika kwenye makumbusho na kwenye sinema, atakuona unamletea mambo ya watalii, au ya watoto wa shule wanaopangwa mstari na mwalimu wao.

Wiki hii nataka niizungumzie likizo ya namna hiyo hiyo. Mwaka huu nilitenga siku kumi, mchana makumbusho na usiku sinema, nikiwa na shabaha moja tu: kuijua historia ya kipande kimoja cha nchi yetu. Kipande chenyewe ni Serengeti, Ngorongoro na Loliondo, na hasa Soitsambu, kata ya wafugaji iliyo kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Jina lake ni la Kimaasai na ndani yake mna neno osoit, yaani jiwe.

Kwa nini huko? Kwa sababu Loliondo imekuwa midomoni mwetu miaka mingi, na wengi wetu tunaizungumzia bila kuijua. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya maili na maili kwenda Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, yule tuliyemwita Babu wa Loliondo. Mwezi Juni 2022 tukaisikia tena, safari hii kwa jambo zito zaidi. Serikali iliweka vigingi vya mipaka katika eneo la kilometa za mraba 1,500, ikisema ni mazalia ya wanyama na vyanzo vya maji vinavyopaswa kulindwa. Wananchi walisema ni ardhi ya vijiji vyao na malisho ya ng'ombe wao. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na baadhi yao walivuka mpaka kuingia Kenya. Ofisini kwetu siku zile kila mtu alikuwa na maoni yake makali. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekanyaga huko. Tulichokuwa nacho kichwani ni picha: nyumbu wanavuka mto, simba amelala kivulini, mzee wa Kimaasai amesimama kwa mguu mmoja huku jua linazama. Nikajiuliza, picha hizi tulipewa na nani, na lini?

Nilianzia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa mwaka 1940, yakiwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Baada ya Uhuru yakapanuliwa, yakawa mali ya wananchi. Habari niliyokwenda kuitazama hasa ni ile ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe aliyeishi katika Bonde la Oldupai miaka ipatayo milioni moja na robo tatu iliyopita. Jina lenyewe limetokana na Zinj, neno ambalo Waarabu wa kale waliitia pwani yetu.

Kisa cha fuvu hilo wengi wetu tulikisoma darasani. Tarehe 17 Julai 1959, Louis Leakey alikuwa amelala kambini na homa. Mkewe, Mary Leakey, akatoka kutembea na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko. Lakini kuna jambo moja ambalo mwalimu wangu hakunisimulia. Mama Leakey alikuwa akitembea siku ile badala ya kuchimba kwa sababu ya sinema! Walikuwa wamepatana na mpiga picha mmoja, Des Bartlett, aliyefanya kazi na mtengenezaji wa filamu za wanyama Armand Denis, kwamba aje arekodi uchimbaji tangu mwanzo. Wakawa wanamsubiri, na kwa kuwa wanamsubiri hawakutaka kuanza kuchimba. Alipofika alikuta fuvu limekwisha kuonekana, na kazi ya kulitoa ardhini ikapigwa picha. Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, makumbusho na sinema katika nchi ile vilikutana siku moja, penye shimo moja.

Fuvu likapelekwa Nairobi. Mwaka 1965 likarudishwa Tanzania, likakabidhiwa kwa Rais Nyerere. Lilirudi kwa sababu lilijulikana limetoka wapi, na kwa sababu kulikuwa na nchi huru ya kulipokea. Naomba muikumbuke habari hiyo ya kurudi, maana nitaitaja tena.

Usiku nilikwenda kwa rafiki yangu mmoja Upanga. Huyu bwana hukusanya filamu za zamani kama wengine wanavyokusanya stempu, na huzionyesha ukutani kwa projekta, majirani wakaleta viti vyao. Nilimwomba anionyeshe filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife. Ilitoka mwaka 1959. Mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya maisha halisi.

Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Yeye na mwanawe walikuja na ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakazunguka angani kuhesabu wanyama na kuangalia makundi yanahama kutoka wapi kwenda wapi. Walipata hesabu ya wanyama zaidi ya 360,000. Walionyesha pia kwamba mipaka mipya iliyokuwa ikichorwa haikufuata njia wanazopita nyumbu. Tarehe 10 Januari 1959, kabla kazi haijakamilika, ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa. Akazikwa juu kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Baba yake alipofariki mwaka 1987, majivu yake yakaletwa kuzikwa kando ya mwanawe.

Nasema kweli, filamu ile inashika moyo. Majirani wa rafiki yangu, waliokuja kwa ajili ya chai na kashata, walinyamaza kimya. Na lazima tuwe waadilifu: filamu ile iliitangaza Serengeti duniani kote, ikaleta fedha na ari ya kuilinda. Mtu anayeona nyumbu leo ana sababu ya kumshukuru mzee yule. Lakini Grzimek alikuwa pia na imani moja aliyoieleza wazi, kwamba hifadhi ya taifa ni mahali ambapo binadamu hapaswi kuishi, hata awe mwenyeji wa miaka mingi. Watazamaji wa Frankfurt, London na Chicago waliitoa imani hiyo ndani ya jumba la sinema wakaenda nayo nyumbani, wakiona kuwa ni ukweli kama ulivyo ukweli wa hesabu ya nyumbu.

Nikiwa kitandani usiku ule nilipanga tarehe zile kwa mfuatano. Serengeti ilikuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na Wamaasai walikuwa bado wanaishi na kuchunga ndani yake. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia dole gumba kwenye makubaliano ya kuhama upande wa Serengeti. Tarehe 1 Julai 1959 sheria ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro ikaanza kutumika. Eneo likagawanyika: Serengeti wanyama peke yao, Ngorongoro watu na wanyama pamoja. Walioondolewa Serengeti walielekea Ngorongoro, na wengine walielekea Loliondo. Mwezi Agosti mwaka huo huo Gavana wa Kiingereza aliliambia Baraza la Wamaasai kwamba huko Ngorongoro, ikitokea maslahi ya watu na ya wanyama yakagongana, ya watu ndiyo yatakayotangulia.

Hebu tuangalie basi. Januari ndege imeanguka. Julai mosi watu wamegawiwa mipaka. Julai 17 fuvu limepatikana. Kabla mwaka haujaisha filamu iko kwenye kumbi za Ulaya. Ni mwaka mmoja na ni nchi moja, lakini mambo haya matatu mtu huyakuta mahali patatu tofauti. Fuvu liko kwenye makumbusho, filamu iko kwenye sinema, na habari za kuhamishwa watu ziko kwenye majalada ya Serikali na vichwani mwa wazee. Anayekwenda makumbusho hupata asili ya binadamu. Anayekwenda sinema hupata wanyama. Habari za watu waliokuwa wakiishi hapo mwaka ule hana mahali pa kuzikuta, isipokuwa azifuate mwenyewe.

Usiku wa pili tulitazama Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, mchezaji mkuu akiwa John Wayne. Jina la filamu ni neno letu la Kiswahili, na ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika kati ya mwisho wa mwaka 1960 na mwanzo wa 1961, Uhuru ukiwa unabisha hodi. Ni filamu ya vijana wanaokamata wanyama wakiwa hai ili wauzwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Vifaru wanafukuzwa na magari kweli kweli, hakuna ujanja wa kamera. Tulicheka sana palipo na watoto wa tembo. Lakini waigizaji wakubwa wote ni wageni, na mwenyeji hupita pembeni amebeba kitu. Hawks alikuwa akitengeneza burudani, sina ugomvi naye. Ninachosema ni kwamba filamu mbili, moja ya elimu na moja ya mchezo, ziliipeleka nchi hiyo duniani katika muda wa miaka mitatu, na katika zote mbili hadithi ni ya wageni.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka sinema zetu za mjini. Dar es Salaam kulikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon, New Chox, na ile ya kutazama ndani ya gari. Arusha kulikuwa na Metropole. Vijijini sinema ilifika kwa Landrova na kitambaa cheupe, watoto wakikimbia wakipiga kelele "sinema leo!" Kisha likaja banda la video, na watafsiri mahodari kama Lufufu waliomfanya kila shujaa wa Hong Kong azungumze Kiswahili cha Kariakoo. Hapo ndipo nilipopata wazo. Kama Lufufu aliweza kuileta Hong Kong Manzese, kwa nini mimi nisiweze kuirudisha Serengeti ya mwaka 1959 kwa wenyewe? Nikanakili filamu kwenye kompyuta yangu ndogo, nikapanda basi la Arusha.

Arusha nilipita katika majumba mawili. La kwanza ni boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, ambalo siku hizi ni makumbusho ya elimu ya viumbe. La pili ni Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, katika jumba ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967. Kesho yake nikaelekea Karatu, na kutoka hapo Oldupai, ambako makumbusho mapya yalifunguliwa mwaka 2017. Hapo utasoma habari za nyayo za Laetoli, zilizopatikana mwaka 1978. Ni nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo zenyewe zilifunikwa tena kwa udongo ili zisiharibike.

Pale Oldupai nilijifunza jambo la jina. Oldupai ni neno la Kimaasai, ni jina la mkonge mwitu unaoota bondeni. Mwaka 1911 daktari Mjerumani aliyeitwa Kattwinkel alipita hapo, na Wazungu wakaliandika jina hilo Olduvai. Likaingia hivyo kwenye vitabu vya dunia nzima. Imechukua karibu miaka mia moja kuanza kulisahihisha. Herufi moja tu, ndugu zangu, karne nzima! Sasa fikirini makosa yaliyo makubwa kuliko herufi moja yanahitaji muda gani.

Kutoka Karatu nilirudi Mto wa Mbu nikapanda gari la Loliondo. Njia inapita Engaresero chini ya Mlima Oldonyo Lengai, inapanda Usonjo, inafika Wasso, na hapo Soitsambu si mbali. Nilifika siku ya mnada. Mbuzi, ng'ombe, shuka nyekundu, pikipiki, simu zinachajiwa kwa nguvu ya jua. Mwenyeji wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinipeleka kwa mzee mmoja anayekaribia miaka themanini.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali kuja kutazama nini? Watu wote wakija huku wanatazama wanyama."

Nikamwambia nimekuja kutazama sinema pamoja naye. Akacheka mpaka akakohoa.

Jioni tuliiweka kompyuta juu ya kreti la soda dukani, wakakaa wazee kwenye viti, watoto chini, vijana wamesimama nyuma. Nilitazamia wangeulizia wanyama. Hawakuwa na haja na wanyama, wanawaona kila siku. Mzee alitazama ardhi. Kila kilima kilipopita chini ya bawa la ndege alisema, simamisha hapo mwanangu, kisha akakitaja jina. Mto ule, jina. Jabali lile, jina. Baadhi yake alibishana na mzee mwenzake, wakasuluhishana kwa kutaja nani alitahiriwa wapi. Mwaka 1959 yeye alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, na alisema alihama kwa miguu na mama yake wakitoka upande wa Moru. Wanaokwenda Serengeti leo huonyeshwa majabali ya Moru yenye michoro ya ngao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, iliyochorwa na morani wa Kimaasai. Mgeni huiita sanaa ya miambani. Mzee yule aliizungumzia kama mtu anavyozungumzia maandishi aliyoandika kaka yake ukutani nyumbani kwao.

Ndege ile ya milia ilipopita tena akauliza, "Huyu anahesabu nini?"

"Anahesabu nyumbu na pundamilia, mzee."

"Sawa," akasema. "Na sisi alituhesabu?"

Sikuwa na la kumjibu, na yeye hakungoja jibu. Aliomba filamu iendelee.

Pengine msikilizaji atasema, huyu ametembea siku kumi kutuletea masikitiko ya zamani. Hapana. Loliondo yenyewe imekwisha kutuonyesha kwamba mtu akiingia kwenye makumbusho na macho yake wazi, jambo linaweza kubadilika. Huko Oxford, Uingereza, kuna makumbusho yanayoitwa Pitt Rivers, yaliyoanzishwa mwaka 1884. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, mwanaharakati wa Kimaasai kutoka Loliondo, aliyatembelea akiwa katika safari ya mafunzo. Awali yeye na wenzake Loliondo walikuwa wamejifunza kutumia kamera za video na kutengeneza filamu yao wenyewe kuhusu ardhi, waliyoiita Olosho. Ndani ya makumbusho yale alikuta vitu vya watu wake vimo kwenye makabati ya vioo. Maelezo ya baadhi yake hayakuwa sahihi, na kulikuwa na vitu ambavyo kwa mila za Kimaasai haviuzwi wala havitolewi zawadi. Ni vitu vya urithi, ambavyo mtu huviachia familia yake. Ukivikuta kwenye kabati la mgeni, swali la kwanza ni moja tu: mwenyewe alipatwa na nini?

Nangiria hakuvunja kioo wala hakutukana mtu. Aliuliza. Uongozi wa makumbusho ukasikiliza. Mwaka 2018 ukafika ujumbe wa Wamaasai kutoka Kenya na Tanzania kuvikagua vitu vyote vya Kimaasai vilivyomo, na vitano vikatambuliwa kuwa ni vya namna hiyo ya urithi. Ujumbe mwingine ulikwenda mwaka 2020. Mwaka 2023 wakubwa wa makumbusho wenyewe walisafiri kuja Kenya na Tanzania kukutana na familia zinazohusika, na ng'ombe wakatolewa kwa taratibu za upatanisho wa Kimaasai. Mtu mmoja kuingia kwenye maonyesho na kuuliza swali kulizaa safari hizo zote.

Sasa tuyaweke mambo haya pamoja. Fuvu liliondoka mwaka 1959, likarudi mwaka 1965. Habari za vitu vya Oxford zimeanza kurudi. Filamu bado haijarudi, na watu hawakurudi. Sisemi kwamba nyumbu waondolewe ili watu warudi Moru. Sisemi pia kwamba Serikali haina haki ya kulinda vyanzo vya maji. Hayo ni mashauri makubwa, yana mahakama zake na mabaraza yake. Ninachosema ni hiki: wananchi wa mjini tunapotoa maoni juu ya ardhi ya Soitsambu, maoni hayo yana uzito. Ndiyo yanayosomwa magazetini, ndiyo yanayosikika bungeni. Na kwa miaka zaidi ya sitini tumeyatoa tukitumia macho ya ndege ile ya milia. Kutoka juu kwake, nchi isiyo na nyumba za matofali huonekana haina mwenyewe.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwako wewe mwenye likizo. Tenga walau siku mbili. Ingia makumbusho ya mji wako, kiingilio cha mwananchi si cha kumshinda mtu anayekunywa soda kila siku. Ukisimama mbele ya kitu chochote jiulize maswali haya: nani alikipata, nani ameandika maelezo yake, na waliokuwa wanaishi pale kilipotoka wako wapi leo? Usiku tazama filamu iliyopigwa nchini kwetu, uulize hayo hayo. Watoto wako wakisikia unauliza, nao watauliza.

Ombi la pili ni kwa wenye kumbi na wenye kuandaa maonyesho. Tunaomba siku moja tuukute mwaka 1959 umekaa ndani ya chumba kimoja: fuvu, filamu, ramani ya mipaka, na sauti za wazee waliohama, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili. Wazee hao wanapungua. Mtoto wa miaka tisa wa mwaka ule sasa yuko katika miaka ya sabini.

Ombi la tatu ni kwa wote wanaohifadhi picha na filamu za nchi yetu, walio hapa na walio ng'ambo. Nakala zirudi kule picha zilikopigwa. Wala si kazi ya fedha nyingi. Kompyuta moja, kitambaa cheupe na nguvu ya jua vinatosha, na watu wa Soitsambu watajaza dukani mpaka nje.

Jioni ile mwalimu mwenyeji wangu alikuwa amekaa na daftari la shule mapajani, anaandika kila jina ambalo wazee walilitaja. Tulipozima kompyuta alikuwa na majina 41 ya vilima, mito na majabali, kila moja na maana yake. Alininakilia orodha hiyo, na daftari lenyewe likabaki shuleni, ambako watoto wa darasa la sita wameanza kuyachora majina hayo kwenye ramani yao ukutani. Hayo nayo ni makumbusho, na kiingilio hakuna.